Jina Halina Watu Wawili

Kiwandani nilikuwa na jina ambalo sikupewa na wazazi wala na padri. Waliniita Mama Nyaya. Kila waya uliopita ndani ya kuta za kiwanda kile cha nguo, kutoka swichi kubwa ya getini mpaka taa ya choo cha wanaume, niliuchora mimi kwa penseli kwenye karatasi kubwa, na fundi aliyetaka kufungua kasha la umeme alipita kwanza kwangu kuuliza njia. Mafundi wenye mvi walibisha hodi. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme ninajisifu, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kunisifia.

Chumba cha michoro kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama milima ya Uluguru. Mawingu yakiwa mazito upande wa mashariki, nilijua kwetu kunanyesha, na kwamba mama yangu, huko mlimani juu ya Mkuyuni, ameingiza ndani pilipili manga alizoanika. Nilichora huku namtazama mama bila kumwona. Ilikuwa kazi nzuri na niliipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Kisha kiwanda kikauzwa. Miaka ile mali za umma zilikuwa zinauzwa kila mahali, na mitumba ilikuwa imejaa sokoni hata sisi tuliotengeneza nguo tukawa tunavaa kafa-Ulaya. Mwenye kiwanda mpya hatukumwona kamwe. Tulimwona meneja wake, mtu wa Dar es Salaam mwenye mashati meupe na subira fupi. Wiki ileile aliyofika alifunga chumba cha michoro. Meza yangu ya kuchorea ilishushwa kantini, na nilipoenda kunywa chai nikakuta wanakatia kabichi juu yake.

Meneja alitangaza kwamba matangi ya kutia rangi yataendeshwa kwa kompyuta. Wangefundishwa watu wawili, mmoja kutoka idara ya umeme na mmoja kutoka maabara ya rangi, na baada ya masika angebaki mmoja. Mmoja huyo angepewa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Mwingine angewafuata wenzake waliokwisha kupunguzwa. Aliyasema hayo sisi wawili tukiwa tumesimama mbele yake, wala hakupepesa macho. Hapo ndipo nilipogeuka kumtazama vizuri mwanamke mwenzangu.

Mwenzangu alikuwa mtani wangu. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mluguru, na watu wa kwao na wa kwetu wametaniana tangu wahenga wao walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani. Nilizoea kumwita mpagazi. Yeye aliniita nyani wa migombani. Baba yangu alipofariki, alipanda mpaka kwetu, akajilaza juu ya mkeka katikati ya waombolezaji, akasema yeye ndiye marehemu na ana njaa. Mama yangu, aliyekuwa hajala wala kusema neno, akaangua kicheko. Mtani aliondoka na jogoo wetu mkubwa kwapani na hakuna aliyethubutu kumzuia, kwa kuwa haki ya mtani msibani hainyimwi. Tangu siku ile mama alimpenda. Kila niliposhuka mjini alinipa ndizi za mtani, na nilikuwa naziangalia zile ndizi kwenye kikapu, naona ni kubwa kuliko zangu.

Mkufunzi alikuja na kompyuta moja na kiti kimoja. Programu aliyotufundisha haikuandikwa kwa maneno, ilichorwa. Unachukua kisanduku unakiweka kwenye skrini, unavuta waya kutoka kwenye kisanduku hicho mpaka kwenye kingine, na namba zinapita ndani ya waya kama maji kwenye mfereji. Kisanduku kimoja kilisoma joto la tangi, kingine kilifungua mvuke, kingine kilihesabu dakika. Mchoro mkubwa uliosimamia yote aliuita mchoro mama. Ndani yake kulikuwa na visanduku ambavyo kila kimoja kilikuwa mchoro kamili peke yake, umehifadhiwa katika faili lake. Hao tuliwaita watoto. Ukiwasha mchoro mama, unawaita watoto wake kwa majina ya mafaili yao, nao wanakuja kufanya kazi.

Nilipoona nyaya zile kwenye skrini nilicheka kwa sauti. Nilijua meza yangu imerudi. Mungu ameniona, nikajisemea, kompyuta yenyewe imeamua kujifunza kazi ya Mama Nyaya.

Furaha hiyo haikukaa. Mtani alishika mambo upesi mno. Mimi nilichora kwa utaratibu, nyaya zimenyooka, hakuna unaopita juu ya mwenzake, kisanduku kimepangwa chini ya kisanduku. Yeye alichora tambi za futari. Waya wake ulianza huku ukazunguka nyuma ya visanduku ukatokea usikotegemea, na mtu akiuangalia anapata kizunguzungu. Lakini mchoro wake uliwaka mara ya kwanza na wangu ukawaka kesho yake. Meneja hakutazama mchoro, alitazama tangi.

Nilimwonea wivu, na sitafuti neno la kulifunika. Nilivionea wivu vidole vyake vyenye hina vilivyokimbia juu ya kibodi wakati vyangu vikitafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Nilimwonea wivu jinsi meneja alivyosimama nyuma ya kiti chake, mkono mmoja kwenye egemeo, wakati nyuma ya kiti changu hapakusimama mtu. Chai yake ilikuja na maziwa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mchoyo. Alikuwa akigundua kitu ananiita, "Mtani, njoo uone, nyani we!" na kunionyesha mpaka nielewe. Ukimwonea wivu mtu mchoyo, angalau roho yako ina pa kujificha.

Wivu haukuwa mgeni kwangu. Nikiwa msichana, mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, alifariki. Kwetu jina la mkubwa haliachwi lioze kaburini, linarithiwa na mpwa, na mpwa aliyechaguliwa alikuwa mdogo wangu wa kiume, mtoto niliyembeba mgongoni. Walimkalisha kwenye kigoda, wakamvika kitambaa, wakamtamkia jina. Alipoinuka pale alikuwa mjomba. Sisemi alifanana na mjomba. Alikuwa yeye. Mama yangu alianza kumwita kaka mwanawe aliyemzaa mwenyewe, na mimi nikaambiwa nimwamkie. Nilimpa shikamoo mdogo wangu aliyekuwa bado ananidai embe, naye, shetani yule, akanijibu marahaba kwa sauti nzito. Niliuliza kama sasa tutakuwa na wajomba wawili, aliyelala na aliyekaa. Wazee wakanijibu kwa pamoja, kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga, kwamba jina halina watu wawili.

Nililia siku nzima, nikasema kichwa kinaniuma. Lakini kanuni ile ilinikaa, na miaka mingi baadaye ndiyo niliyoipeleka kwenye kompyuta.

Tulipokezana kiti. Mtani alikaa asubuhi na mimi mchana, na kila mmoja alipewa watoto wake wa kulea. Yeye alikuwa na mchoro wa kumimina rangi. Mimi nilikuwa na wa kupandisha joto, nikauita JOTO. Kila siku mmoja wetu alirekebisha kitu, na swali likawa: rekebisho jipya linakaa wapi, na lile la zamani linakwenda wapi?

Mtani hakutupa kitu wala hakuficha kitu. Alirundika vyote mahali pamoja na kila kipya akakiongezea mkia. Nilikuwa nafika mchana nakuta kwenye skrini rangi, rangimpya, rangimpya2, rangimwisho, rangimwishokweli. Siku moja nikakuta rangiwallahi, nikajua ameapa. Kesho yake kulikuwa na rangiwallahibillahi. Kila alipozaa jina jipya ilimbidi aingie kwenye mchoro mama na kuuambia kwamba mtoto amebadili jina, na alifanya hivyo bila kuchoka, huku akiimba.

Mimi niliona uchafu. Mchoro wangu ulikuwa na jina moja tangu mwanzo. Niliporekebisha, mpya ulilivaa jina la JOTO, ukakaa kwenye kigoda, na mchoro mama ukaendelea kuuita kama zamani bila kujua kwamba aliyeitika si yule wa jana. Wa zamani niliuweka kwenye folda niliyoiita Makaburi, ndani ya folda ya mwezi wake, na jina lake likiwa juu yake. Huzikwi bila jina lako. Nje palikuwa pasafi, JOTO mmoja tu, na mtu akija anajua amfuate nani.

Mtani aliiona folda ile siku moja tukinywa chai. Akaniuliza, "Sasa nyie marehemu mnamzika na jina lake, halafu jina hilohilo mnampa mwingine?"

"Ndivyo."

"Kwa hiyo wapo wawili."

"Hawapo wawili. Mmoja yuko kaburini. Jina halina watu wawili." Nikamweleza habari ya mjomba na mdogo wangu na shikamoo ile, akacheka mpaka chai ikampalia.

"Nyie Waluguru mtatumaliza," alisema, akifuta macho. Kisha akasema jina hilo la Makaburi limemtisha, na kwamba kwao mtu hachezei makaburi. Laiti angelishika neno lake mwenyewe.

Masika yakafika. Milima ikafunikwa, na zikaja habari kwamba barabara ya Matombo imekatika mahali. Kiwanda kilipata kazi ambayo kwa watu wengine ilikuwa kazi tu: kitambaa cha bluu cha sare za akina mama wa parokia ya kwetu. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshampa fundi cherehani vipimo na ameshawaambia majirani kwamba kitambaa kinatiwa rangi na mwanawe. Bluu ile ilitaka joto lipande polepole. JOTO wangu wa kwanza kabisa alikuwa na pupa, alifungulia mvuke kwa kasi na rangi ikashika vibaya, mkufunzi akaniambia nimtulize, nikamtuliza. Yule mwenye pupa nilishamzika zamani.

Asubuhi ya kazi hiyo mtani alikumbuka kwamba JOTO wa kwanza alikuwa na namna nzuri ya kuhesabu dakika, akataka kuiangalia aitumie kwenye mchoro wake. Akaenda Makaburi, akamfungua marehemu. Alipomaliza kutazama hakumfunga. Alimwacha wazi nyuma ya madirisha mengine, kisha akawasha mchoro mama.

Kompyuta haijui sura, inajua jina. Mchoro mama ulimwita JOTO, na kwa kuwa kulikuwa na JOTO aliyekwisha kuamka, haukuhangaika kwenda kumtafuta mwingine. Ukamkamata huyohuyo. Mtani alipokuwa anafunga kazi, kompyuta ilimuuliza kama ahifadhi mabadiliko, naye akabonyeza ndiyo kama alivyobonyeza ndiyo kwa kila kitu maishani mwake. Tangu hapo, kila ukiwasha mchoro mama, unakwenda makaburini kumleta mtoto.

Mchana nilikaa kwenye kiti, nikawasha, nikaona kisanduku changu kipo mahali pake na picha yake ileile. Nikaingiza kitambaa tangini, robota moja baada ya jingine. Nilikuwa na furaha siku ile, nakumbuka. Kitambaa kilipokauka kesho yake tukakiona. Kilikuwa mabaka matupu, bluu hapa, kijivu pale. Kazi ya asubuhi ilikuwa hivyo na kazi ya mchana ilikuwa hivyo.

Mkufunzi alikuwa amerudi wiki ileile kwa ajili ya ule uamuzi wa baada ya masika. Alikaa kwenye kompyuta, sisi wawili na meneja tukasimama nyuma yake. Akabonyeza kisanduku cha joto na skrini ikaonyesha faili linatoka wapi. Meneja akasoma kwa sauti.

"Makaburi," alisema. Akatugeukia. "Nani ameweka makaburi kwenye kompyuta yangu?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyepanga vitu vyake, kwamba aliyezikwa alizikwa sawasawa na kosa ni la aliyefukua. Mtani hakukataa. Alisema ndiye aliyefungua, na kwamba hakujua mchoro mama ungemchukua aliye wazi. Mkufunzi akasema nusu ya kosa ni hapa na nusu ni pale, jambo ambalo watu wasiotaka kuchukiwa hulisema popote.

Meneja aliinama kwenye skrini. Alisoma majina ya mafaili ya mtani kimoyomoyo, midomo ikicheza, na alipofika kwenye wallahi billahi akatabasamu. "Majina ya huyu ni kichekesho," alisema, "lakini hakuna mawili yanayofanana." Akampa ufunguo.

Mpaka leo nasema hukumu ile haikuwa ya haki. Kama mtu anaacha kaburi wazi, halaumiwi marehemu wala halaumiwi aliyemzika. Lakini hakimu alikuwa na shati jeupe na mimi nilikuwa na makaburi. Na kabla sijapata nafasi hata ya kukunja uso, mtani akaanza kulia. Kulia yeye! Mimi ndiye niliyepoteza kazi, na machozi yenyewe akanitangulia kuyamwaga. Meneja akamletea kiti.

Nilirudi kwa mama. Nilibeba mkoba mmoja, na ndani yake bati la biskuti. Kila Ijumaa, kabla ya kutoka, nilikuwa nanakili mchoro mama pamoja na watoto walio hai kwenye disketi, nikaziweka kwenye bati hilo pamoja na rozari yangu. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyeniuliza, ingawa mtani aliwahi kuniona. Nililiweka bati chini ya kitanda.

Habari zilinifikia kupitia wachuuzi wa ndizi waliokuwa wanapanda kutoka mjini. Matangi ya rangi yamesimama, walisema. Meneja alikuwa ameamuru makaburi yafutwe yote, mtani akafuta, na kwa kuwa majina yalifanana akamfuta na JOTO aliye hai. Mkufunzi ameshaondoka. Mtani anachora mwingine na mwingine, na kila mmoja ama anaunguza kitambaa ama anakiacha kibichi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, na asiponisamehe, basi nilishafurahi. Nilikuwa naamka, navuta bati, nalitikisa nisikie disketi zinavyogongana, nalirudisha.

Siku aliyokuja mtani tulimsikia kabla ya kumwona. Kilio kilianzia chini kwenye migomba na kikawa kinapanda.

"Amekufaaa! Mama Nyaya amekufa jamani! Nani atatuwashia taa ya choo cha wanaume!"

Majirani walitoka, wengine na majembe mkononi. Alipanda njia, kanga imefungwa kiunoni, majivu usoni, akifika kwenye jiwe anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Alifika mlangoni kwetu akajitupa kifudifudi kwenye kizingiti. "Alikuwa mzuri marehemu," alilia, "alikuwa na roho mbaya lakini nyaya zake zilinyooka!" Watu walicheka hadi wakashikana. Mama yangu alikuwa ameshasimama, anapiga makofi, uso umemng'aa kama siku ya jogoo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaa.

Mama akasema, "Mtani, karibu, kuku yupo."

Mtani akaketi, akajifuta majivu. "Kuku nilishapewa msiba ule, mama. Leo nataka bati la biskuti."

Kicheko kikakatika. Watu hawakujua ni bati gani, lakini walimwona anavyonitazama. Nikasema sitoi.

"Mwanangu," alisema mama, "mtani msibani hanyimwi."

"Mama, mimi sijafa!"

"Kazi yako imekufa. Umekaa humu ndani huogi mpaka nikuambie, nywele hujasuka, chakula unakichezea. Mimi nimezika mume, nimezika kaka, naujua msiba nikiuona. Toa."

Nilimtazama mtani, nikimwomba kwa macho aseme anatania. Hakutania. Ndiye mtu pekee mle uani aliyejua kile alichokuwa anaomba, na aliomba hivyohivyo, mbele ya watu, kwa haki ambayo sikuweza kuikataa bila kuwa mtu asiye na kwao. Angekuja kimya kimya kuniomba kama rafiki, ningemfukuza, naye alilijua hilo. Nilikwenda chumbani, nikavuta bati.

Alilifungua papo hapo. Alitoa rozari, akanirudishia mkononi, akafunika. "Jina lake litabaki JOTO," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaliongezea wallahi."

Mama alimpa mkungu wa ndizi na kumfungia pilipili manga kwenye jani, na mkungu ule ulikuwa mkubwa, nakumbuka. Aliteremka akiimba, bati kwapani pale alipombeba jogoo.

Sare za parokia zilifika kabla ya sikukuu. Mama alivaa yake akasimama uani ageuke nimwone. Nilishika pindo nikalipeleka kwenye mwanga. Bluu ilikuwa imekolea sawasawa kila mahali, bila baka, kama nilivyokuwa nimeipanga. Nilijua joto lile lilipanda vipi, dakika kwa dakika, kwa kuwa lilipita kwenye nyaya zangu.

"Mtani ameifanya kazi vizuri," alisema mama.

Nikasema ndiyo, vizuri.

Baadaye nilishuka mjini, nikaanza kufunga umeme kwenye nyumba mpya zilizokuwa zinaota upande wa Kihonda. Nilipata wateja. Kuna mafundi walionifahamu tangu kiwandani, lakini wengi walikuwa vijana walioniita mama tu, au dada fundi. Kiwanda kiliendelea kuvuma, na nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisipite getini.

Jumamosi moja niko sokoni nachagua nyanya, muuza vitambaa mmoja akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Mama Nyaya! Mama Nyaya, njoo!"

Sikuwa nimeitwa hivyo muda mrefu mno. Nikageuka na tabasamu limeshafika usoni, na hatua chache mbele yangu mwanamke mwingine alikuwa amegeuka pia, na tabasamu lilelile. Vidole vyake vilikuwa na hina. Muuza vitambaa alikuwa anamwonyesha yeye robota la bluu.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

"We," alisema, kwa sauti ya kusikika na soko zima, "wewe si nilishakulilia?"

Wauza nyanya wakacheka bila kujua wanacheka nini. Na mimi nilicheka, maana mtani hakasirikiwi. Nilimuuliza habari za nyumbani, akaniuliza hali ya mama, akanitolea kwenye kikapu chake fungu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka Tabora, nikalipokea.

Yule muuza vitambaa akaita tena. Safari hii sikugeuka.